Ngoja Kikauke Kwanza

Mvua zikishakolea, picha huanza kuingia kwenye simu yangu. Zinatoka Tandahimba, Newala, Nanyamba, Rutamba, hata Kilwa. Nyingi ni za kitu cha njano, kimelowa, kimetambaa juu ya gogo au rundo la makumbi ya nazi, na chini yake swali: "Mama, hiki nini?" Wengine huongeza: "Kinaua mikorosho?" Majibu yangu huwaudhi. Nawaandikia: kiache hapo hapo, kesho asubuhi nipigie picha nyingine, keshokutwa kichokoe kwa kijiti unionyeshe cha ndani. Mtu kataka jina, mimi nimempa kazi.

Sina namna nyingine. Kitu hicho ni ukungu-ute, na ukiwa bado ute, karibu hauna alama ya kuutambulisha. Ute wa njano unaweza kuwa wa spishi hii au ile, na mweupe ndiyo kabisa. Sifa zinazoitofautisha spishi moja na nyingine huja baadaye, ute unapoacha kutambaa, ukajikusanya, ukakauka na kutoa spora, yaani vumbi lake la kuzaliana: una kikonyo au hauna, gamba lake ni la namna gani, lina chokaa au halina, ndani mna nyuzi za aina gani, vumbi lake ni la rangi gani. Anayetaja jina kabla ya hapo anabahatisha tu, hata awe msomi.

Chuoni somo hili tulilipita juu juu, maana ukungu-ute hauli mazao, na kisichokula mazao hakikupewa nafasi kwenye mtaala wetu. Nilikuja kulisoma kazini, nikiwa bibi shamba kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na aliyenilazimisha ni bibi mmoja wa wilaya ya Newala aliyekuwa na kitalu cha miche ya mikorosho nyuma ya nyumba yake. Viriba alivipanga vizuri chini ya mwembe, na kati ya mistari alitandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ili kuzuia magugu na kutunza unyevu. Siku hiyo nilimkuta ameketi kwenye kigoda, ungo umefunikwa chini mbele yake, mjukuu wake kasimama mbali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone nilichotupiwa."

Akafunua ungo. Palikuwa na povu la njano kali, upana wa kiganja, limetoka kwenye makumbi na kuanza kupanda ubavu wa kiriba. Pembeni povu lilikuwa limechanua mishipa myembamba iliyoshikana, na mbele ya mishipa ile palikuwa na utepe unaong'aa wa ute safi. Jioni ya jana, bibi alisema, hapakuwa na kitu. Asubuhi kakikuta. Kitu kinachoota usiku mmoja, chenye rangi ile, mlangoni kwa mtu aliyekwisha kugombana na jirani kuhusu mpaka, kwa kijijini kina maelezo yake tayari. Mjukuu naye alikwisha kutumwa kwenye duka la pembejeo, na muuzaji, bila kukiona, alimwambia ni ugonjwa, anunue salfa.

Nikapiga magoti na lenzi yangu. Nilichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ni ukungu-ute, kwa sababu ya ile mishipa na kwa sababu mbele yake unyevu ulikuwa unasogea. Ukiweka kijiti mbele ya utepe wa ute na kurudi baada ya kunywa chai, utakuta umekivuka. Zaidi ya hapo nilinyamaza.

"Bibi, tukiache mpaka kesho."

"Nikikiacha si kitamaliza miche?"

"Hakili miche."

"Kinakula nini sasa?"

"Bakteria na vijidudu vya kwenye makumbi yanayooza."

Akafikiri kidogo. "Basi kina akili kuliko kuku wangu," akasema, kwa kuwa kuku wake ndio waliokuwa wakichimbua viriba kila siku.

Asubuhi yake kilikuwa kimehama. Makumbi yaliachwa na njia kavu nyeupe-nyeupe pale mishipa ilipopita, na kitu chenyewe kilikuwa kimejikusanya kwenye mdomo wa kiriba, kimefura mfano wa andazi, kina ngozi ya njano iliyoanza kupauka. Hapakuwa na kikonyo. Hapakuwa na vichwa vidogo vidogo vilivyosimama kimoja kimoja. Vyote viliungana kuwa mto mmoja. Nilipogusa kwa ukucha, ngozi ilivunjika vipande vidogo vinavyobunguka, na chini yake palikuwa bado panyevu, rangi ya udongo. Nikaomba tungoje tena. Bibi hakubisha, kwa wakati huo alikwisha kuwa na hamu kuliko mimi, na majirani wawili walikuwa wamekuja kutazama, mmojawapo yule wa mpaka.

Kilipokauka sawasawa nikakipasua juu ya karatasi nyeupe. Likamwagika vumbi jeusi lenye wekundu wa zambarau kwa mbali, jepesi hata pumzi inalipeperusha. Kisha nikamwomba bibi ndimu. Nikachukua kipande cha lile gamba, nikakiweka kwenye kifuniko cha chupa, nikakamulia tone. Chini ya lenzi viputo vilianza kupanda kutoka kwenye punje za gamba. Nikampa bibi atazame. Alitafuta jicho la kutumia, akalipata, akapiga kelele: "Kinachemka!" Jirani naye akaomba lenzi.

Hapo ndipo nilipoandika jina: Fuligo septica. Mto usio na kikonyo, gamba linalovunjika lenye chokaa, spora nyeusi, ute wa njano. Rangi ya njano imo kwenye orodha, lakini imekaa ya mwisho, na hata ingekosekana nisingebadili jina, maana spishi hii ina sura nyingine zenye ute mweupe au wa rangi nyingine. Kama siku ile kingejigawa na kusimamisha vichwa vidogo vilivyojikunja-kunja juu ya vikonyo vyembamba, ningefikiria Physarum polycephalum, ambaye ute wake ni njano ile ile na hutambaa kwa mishipa ile ile. Huyo ndiye waliyemfanyia majaribio Wajapani, wakapanga chembe za oti, nafaka inayofanana na shayiri, mahali pa miji inayozunguka Tokyo, naye akaiunganisha kwa mishipa iliyokaribiana sana na mtandao wa reli wa huko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Hatua ya ute ndiyo inayopendwa na maabara. Kwa kumtambua kiumbe huyu porini, haisaidii sana.

Bibi aliuliza swali lake la mwisho: "Sasa kimetoka wapi, kama hakuna aliyekituma?" Nikamweleza kwamba spora huruka na upepo, hukaa kwenye takataka kavu, mvua ikija hupasuka. Akasema mvua haina ugomvi naye. Akamtazama jirani, jirani akacheka, na mambo ya mpaka sikuyauliza. Nilipokuja kusoma zaidi nikagundua kuwa Newala haikuwa peke yake: mwaka 1973 kwenye viunga vya Dallas, jimbo la Texas huko Marekani, watu walitishika vivyo hivyo, magazeti yakaandika kuhusu kitu cha ajabu kinachokua uani, na ikawa ni Fuligo septica.

Salfa haikununuliwa. Kwetu hilo si jambo dogo. Mkulima wa korosho anaijua salfa kwa bei yake, na anaijua kwa sababu ya ubwiriunga. Ubwiriunga ni kuvu halisi: unashambulia majani machanga, maua na korosho changa, unakuja kiangazi wakati mikorosho inachanua, na unakula mmea ulio hai. Ndiyo maana watu hupulizia kuanzia Juni hivi. Ukungu-ute huja masika, juu ya vilivyokufa: magogo, makumbi, makuti, pumba, majani yaliyoanguka. Ukiona umepanda kwenye jani bichi la mche, umetafuta mahali pa juu pa kukaukia tu. Futa kwa kidole, na jani chini yake utalikuta zima, halina doa wala kuungua. Sehemu iliyopigwa na ubwiriunga haifutiki ikabaki salama. Hunyauka na kugeuka kahawia. Jaribio hilo la kidole nimelifundisha kuliko jambo lingine lolote, na wala halihitaji lenzi.

Tangu mkasa wa kitalu nilianza kuwatafuta kwa makusudi. Viumbe hawa kwa muda mrefu walihesabiwa pamoja na uyoga kwa sababu ya spora zao. Mjerumani Anton de Bary mwaka 1859 alikwisha kusema kuwa wako karibu na wanyama zaidi, na leo wanawekwa kwenye ukoo wa amiba, vijidudu vya seli moja. Ute wote unaouona, hata uwe wa upana wa sahani, ni seli moja yenye viini visivyohesabika. Kundi kubwa, Myxomycetes, lina spishi takriban 1,000 zilizopewa majina. Nikisema hivyo watu huvunjika moyo, lakini kazi ya kuzitenganisha inaanza na swali rahisi ambalo mtoto wa darasa la nne analiweza: vumbi lake ni jeusi au la rangi angavu?

Ndiyo maana natembea na karatasi nyeupe. Gonga kidogo, tazama. Vumbi jeusi au la zambarau iliyokolea linakupeleka upande wa akina Fuligo, Physarum, Didymium na Diderma. Vumbi la njano, jekundu, la kijivu cheupe au la waridi linakupeleka upande wa akina Trichia, Hemitrichia, Arcyria na Lycogala. Umeshaondoa nusu ya vitabu. Mtego uko kwa Stemonitis, ambao kwa ukoo ni wa upande wa giza lakini baadhi yao vumbi lao likikusanyika ni rangi ya kutu. Hao utawajua kwa umbo.

Swali la pili ni chokaa, na ndimu ya bibi mpaka leo ndiyo maabara yangu. Siki nayo inafaa. Chokaa ikitoa viputo, nauliza imekaaje. Kwa Physarum ni punjepunje, zimetapakaa kwenye gamba la kifuko na kujikusanya kama vifundo kwenye nyuzi za ndani. Kwa Didymium ni fuwele, na ukipata mwanga wa pembeni unaziona zina ncha za nyota zimenyunyizwa juu ya gamba. Didymium squamulosum ni wa kawaida mno kwenye majani makavu. Vichwa vyake vyeupe, vidogo kuliko kichwa cha pini, vimekaa juu ya vikonyo vifupi vyeupe. Ukimwona kwa mbali unamdhania ubwiriunga ulioanguka na jani. Ukimsogelea na lenzi unashindwa kuelewa uliwezaje kuwaza hivyo.

Wa Stemonitis wanastahili muda zaidi, kwa sababu ndio watu wengi hukutana nao baada ya Fuligo na ndio wanaoonyesha mpaka wa lenzi. Mikindani palikuwa na mnazi ulioanguka karibu na njia ninayopita kwenda pwani. Masika moja nikaona kwenye ubavu wake doa jeupe, linalometa, halina umbo. Kwa doa lile huwezi kusema lolote. Jioni doa likawa limesimama, vijiti vyeupe vimebanana. Kesho yake vilikuwa vya kahawia, virefu karibu sentimita moja na nusu, vimejipanga wima kifungu kimoja, kila kimoja kikiwa na kikonyo cheusi kinachong'aa. Watoto waliokuwa wakiokota vifuu waliviita nywele za mnazi, wakavipuliza, moshi wa kahawia ukaruka, wakashangilia.

Walinisaidia bila kujua. Spora zikishapeperuka ndipo kinachohitajika kinaonekana. Nilichukua kimoja kilichopulizwa, nikakielekeza kwenye anga nyeupe na kutazama kwa lenzi: kikonyo hakiishii chini ya kichwa, kinaendelea katikati kama mhimili mpaka karibu na ncha, na kutoka kwenye mhimili zinatoka nyuzi zinazogawanyika na kwenda kushonana nje kuwa wavu. Wavu huo wa nje ndio unaosema Stemonitis. Jamaa yake Comatricha ana mhimili na ana nyuzi, lakini nyuzi zake huishia huru, hakuna wavu uliofunga juu. Kama ningechukua sampuli siku ya kwanza, ikiwa mbichi, nikaifungia kwenye mfuko wa plastiki, ningefika nyumbani na uji.

Lakini Stemonitis gani? Hapa lenzi ya mkono inakoma. Kuna mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kijana mwenye subira, ambaye huniruhusu kutumia hadubini ya shule wanafunzi wakiwa likizo. Tuliweka spora za Mikindani kwenye tone la maji na kufunika kioo. Stemonitis fusca spora zake hufika maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 7 hadi 9 na juu yake zina vinundu vilivyopangwa kimtandao. Stemonitis axifera spora ni ndogo, 5 hadi 7, na zinaonekana karibu laini. Zetu zilikuwa ndogo, laini, na vumbi lake kwenye karatasi lilikuwa rangi ya kutu. Mwalimu akasema, "Axifera, mama." Nikamwuliza kama ana hakika na kipimo cha kwenye jicho la hadubini. Akakihakiki upya kwa rula ya kioo, tukapata yale yale. Ndipo tukaandika. Yule mwalimu baadaye aliniambia kwamba wanafunzi wake hawajawahi kuona faida ya kuhakiki kipimo mpaka siku waliposimuliwa habari hiyo, na nadhani alikuwa ananifurahisha tu.

Arcyria hawanipi shida. Ukiona kichaka chekundu cha vifuko vidogo kwenye ubao uliooza, na kesho yake vimefumuka, nyuzi zimerefuka zinapepea na chini kabisa pamebaki kikombe kidogo kilichoshika kikonyo, ni wao. Arcyria denudata ni mwekundu na hupauka kuelekea kahawia. Arcyria cinerea ni wa kijivu na anapatikana kila mahali hadi unamchoka.

Lycogala ana visa zaidi. Ni vitufe vya waridi iliyokolea, vikubwa visizidi sentimita moja na nusu, vimekaa makundi kwenye gogo la mwembe au la mkorosho uliokatwa zamani. Kikiwa kichanga ukikibinya hutoka uji mzito wa waridi. Watoto wa Masasi niliowakuta wakifanya mchezo huo walikuwa wamepakana usoni. Baada ya siku kadhaa vitufe vinageuka kijivu-kahawia, ngozi yake inakuwa na vipele vidogo, ndani ni vumbi la kijivu lenye waridi kwa mbali, hakuna chokaa hata ukamulie ndimu nzima. Watu huvidhania uyoga wa tufe. Tofauti ipo ukikata kingali kichanga: uyoga wa tufe ndani una nyama nyeupe ngumu, na chini una nyuzi zinazoingia kwenye udongo au mti. Lycogala ndani ni uji. Kiumbe huyu alichorwa na Mjerumani Thomas Panckow mwaka 1654, ndiyo taarifa ya zamani zaidi ya ukungu-ute inayotajwa kwenye vitabu, na nadhani alichaguliwa kwa sababu ile ile iliyowavuta watoto wa Masasi.

Msitu wa Rondo, mkoani Lindi, ni habari nyingine. Ni uwanda wa juu unaokaribia mita 900, na msitu wake unajulikana duniani kwa komba mdogo aliyepewa jina la Rondo. Niliongozana na kijana mlinzi wa msitu aliyezoea wageni wanaokuja usiku na tochi kumtafuta komba. Mimi nilimwomba anipeleke mchana, mahali penye miti iliyoanguka siku nyingi. Alinipeleka, akaegemea mti, akanitazama nikipiga magoti. Mwishowe hakuvumilia. "Mama, umetoka Mtwara kote kuja kutazama kuoza?"

Nikamwita ainame. Kwenye ubavu wa chini wa gogo, pasipopigwa na jua, palikuwa na Hemitrichia serpula. Huyu hafanyi vifuko wala mto. Mishipa ya ute inapokauka hubaki palepale ilipokuwa, ikawa mtandao wa dhahabu uliosokotana, kila uzi mnene kiasi cha uzi wa kushonea viatu, na ukipasuka ndani unatoka unyoya wa njano. Pembeni, kwenye sehemu iliyolowa zaidi, palikuwa na Ceratiomyxa fruticulosa: vipembe vyeupe vinavyopenya nuru, vifupi, maelfu, gogo zima limepata weupe. Huyu ndiye anayewakosesha watu wanaotegemea ufunguo wa vitabu, yaani maswali ya kutambulisha, kwa sababu spora zake hazimo ndani ya kifuko chochote. Zimekaa nje, kwenye uso wa vipembe. Ukimtafutia gamba na nyuzi za ndani utatafuta mpaka magharibi. Kidole kikimgusa anayeyuka. Kijana alimgusa, akatazama kidole chake kitupu, akaguna. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kwenye magogo na kuniita.

Kuhifadhi ni kazi ambayo pwani inaifanya ngumu. Sampuli nakata na kipande cha gome au jani ilipokaa, nakigandisha kwa gundi kwenye kitako cha kasha la kiberiti, nafunga bila kugusa vichwa. Kasha la kiberiti ndilo kipimo cha kazi hii duniani kote. Ila Minakata Kumagusu, Mjapani mtafiti mashuhuri wa viumbe hawa, mwaka 1929 alipompelekea Mfalme Hirohito sampuli zake, alizipanga kwenye makasha ya peremende. Kabla ya kufunga lazima sampuli ikauke kabisa, la sivyo kuvu wa kweli huota juu ya ukungu-ute na unabaki na manyoya yasiyo na maana. Kuna pia mbawakawa wadogo ambao chakula chao ni spora. Ukiwafungia ndani pamoja na sampuli utakuta vumbi na mavi. Mimi huweka makasha kwenye kopo la plastiki lenye mchele mkavu uliokaangwa kidogo, na mchele naubadilisha.

Kiangazi, msitu ukiwa mkavu na ardhi ya Makonde imepasuka, bado kuna namna. Bandua magome makavu ya mkorosho au mwembe ulio hai, yaweke kwenye bakuli la plastiki juu ya karatasi ya chooni, mwagia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka yafunike, acha usiku kucha, kisha mwaga yaliyozidi na ufunike. Weka mahali pasipo na jua. Tazama kila siku kwa lenzi, kwa sababu wengi wanaotoka humo ni wadogo kuliko punje ya chumvi na hawadumu. Arcyria cinerea hutoka karibu kila mara. Mume wangu amezoea kuulizia bakuli kabla hajalitumia.

Kuhusu picha za simu, sizidharau. Picha ya ute mbichi ina habari ambayo sampuli kavu haina tena: rangi ya ute, ulipotambaa, ulitoka kwenye nini. Ila naomba ziwe mfululizo, na ya mwisho iwe ya kitu kilichopasuliwa juu ya karatasi nyeupe, pembeni pawekwe sarafu. Kijana mmoja wa Tandahimba alinitumia mfululizo mzuri hivi: ute mweupe kwenye pumba, kisha vifuko vya kijivu, kisha vumbi jeusi, kisha video ya viputo vya ndimu. Nikamjibu kwamba ni wa jenasi Physarum, na spishi siwezi kuitaja bila kuona vifundo vya chokaa kwenye nyuzi na spora kwenye hadubini. Akajibu kwamba amesikitika. Baada ya muda kasha la kiberiti likaniwasili kwa basi, limefungwa kwa uzi.

Juu ya kila kasha naandika mahali, tarehe, kilichokuwa kinaoza, rangi ya ute kama iliwahi kuonekana, rangi ya vumbi, na chokaa ipo au haipo. Hayo naandika kwa wino. Jina naliandika kwa penseli. Makasha yangu ya Masasi zamani yalisomeka Lycogala epidendrum. Watafiti walipopima vinasaba na kuonyesha kuwa jina hilo moja lilikuwa limebeba spishi nyingi, nilichukua kifutio, nikaacha Lycogala.